Amri Arobaini na Moja na Gari Tupu la Bute

Niliwahi kutuma gari la maji mwendo wa siku nzima likiwa tupu. Sisemi maji yalivuja njiani, wala sisemi dereva aliyauza. Gari lilitoka Wajir tupu, likapita mchangani tupu, likafika kwa watu waliokuwa wamepanga mitungi yao foleni tangu alfajiri, nalo bado tupu. Aliyelituma ni mimi, nikiwa kwenye kiti changu hapa Garissa, feni ikinipuliza, kikombe cha chai ya tangawizi mkono wa kulia. Naanza na hilo kwa sababu mkilisikia kwa wengine wataliongeza chumvi, na chumvi haifai kwa habari za maji.

Ninyi mliobaki ofisini mliniomba niandike machache ya kazi kabla sijasahau. Jirani yangu Habiba, anayeuza maziwa ya ngamia na ambaye ukuta wake na wangu hapa Galbet ni mmoja, anasema nisiogope kusahau: tangu nistaafu nimesimulia mambo hayohayo mpaka mbuzi wake wameyashika. Kila jioni namsomea ukurasa juu ya ukuta naye anaosha mitungi yake. Hasifu kitu. Akinyamaza, najua ukurasa ule ni mzuri. Akisema "haye, endelea," najua nimezidisha.

Kwanza mnijue, wale mliokuja juzi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Shule niliishia Kidato cha Nne, na safari ndefu niliyopenda maishani ni ile ya kutoka kitandani hadi kwenye mkeka wa barazani. Ofisi yetu inapeleka maji na mafundi wa pampu kaunti tatu, nami nilifanya kazi na vituo vya Bute, na Lafey, na visima ambavyo majina yake nayajua kuliko ya wajomba zangu, bila kufika hata kimoja. Lafey naijua kwa sauti: upepo, jogoo mmoja, na opereta anayekohoa kabla ya kusema lolote. Watu wakiniuliza Bute kukoje, nilikuwa nawajibu kwa uhakika kabisa, "Kuna vumbi kidogo asubuhi," kwa sababu simu ya huko ilikuwa inakwaruza asubuhi.

Siku yangu ya kwanza nilifika na cheti changu ndani ya mfuko wa plastiki, nikaambiwa nikae karibu na Eedo Ardo. Eedo ni shangazi, na ofisi nzima tulimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Alikuwa opereta wa redio. Kalamu ya risasi aliichomeka kwenye hijabu juu ya sikio, na katika miaka yote sikuwahi kuiona ikidondoka. Kila asubuhi aliita vituo kimoja kimoja, na neno lake la kwanza lilikuwa lilelile: "Warran?"

Kwa mliotoka Kitui na Kakamega, nieleze. Warran ni kumwambia mtu atoe habari, na habari zina mpangilio wake. Mtu akitoka safari anaanza na amani. Kisha mvua. Kisha maji na malisho, kisha mifugo, kisha watu, na mwisho njia aliyopitia. Harukiruki. Ukianza na ngamia wako aliyekufa kabla ya kusema kuna amani, watu watasimama wakitafuta fimbo.

Mimi mjuaji, siku ile ile Eedo Ardo alipotoka kwenda kuswali, nikaona nimsaidie. Nikashika redio, nikaita Lafey, nikauliza moja kwa moja: "Watu wangapi?"

Kikohozi. Kisha: "Watu wangapi wamefanya nini?"

Eedo Ardo aliporudi, Lafey ilikuwa imeshaita mara nne kuuliza kama Garissa kuko salama. Alituliza dunia kwa dakika mbili, akaniweka chini, akanionyesha daftari lake. Safu zilikwenda kama warran inavyokwenda: amani, mvua, maji, mifugo, watu, njia. "Abdi," akasema, "mtu aliye mbali hakumbuki vitu kwa herufi. Anakumbuka kwa namna anavyoulizwa." Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kuelewa kwenyewe kulikuja miaka mingi baadaye, na kuligharimu lori.

Kisha kompyuta zikaja. Za kwanza nilizifunika kitambaa kama mandazi. Somo langu la kwanza kwenu ambalo halimo katika kitabu chochote: brashi ya rangi ya inchi moja, ile laini, inatoa mchanga kwenye kibodi kuliko dawa yoyote ya dukani. Inunue, iandike jina lako, na usimwazime mtu wa uhasibu. Somo la pili: kikombe cha chai kikae upande ambao mkono wako hauna mazoea nao. Chai yangu ilikaa upande wa kulia, na kibodi tatu zimekwenda mbele ya haki kwa ajili hiyo.

Programu yetu ya maji iliandikwa na kijana mmoja wa Nairobi, Mutiso, ambaye niliongea naye kwa simu miaka mingi kabla ya kujua kwamba ni mrefu. Haikuwa na picha wala vitufe vya kubonyeza. Skrini nyeusi, herufi nyeupe, nawe unaandika amri kwa mkono wako. Msicheke. Mtandao wetu ulikuwa kama mfereji wa hapa Galbet: unatoa hewa, kisha tone, kisha hewa tena. Picha isingefika Bute hata kwa punda. Herufi zilifika. Ukitaka kuweka ombi la maji, unaandika weka-ombi. Ukitaka gari lijazwe, jaza-maji, na karatasi inatoka kwa vijana wa pampu kule Wajir. Ukitaka gari liondoke, tuma-gari, na ujumbe unaingia kwenye simu ya dereva. Yakifika, pokea-maji. Na ukisahau yote hayo, unaandika msaada, na programu inakuonyesha orodha ya amri zote.

Amri zilikuwa arobaini na moja. Mutiso alizipanga kwa alfabeti. Skrini ilikuwa na mistari ishirini na minne.

Fanyeni hesabu hiyo polepole, kwa sababu sisi hatukuifanya. Ukiandika msaada, orodha inapita kama basi la haraka, na kinachobaki mbele ya macho ni mistari ya mwisho. Sisi tulioajiriwa kwa Kidato cha Nne hatukujua namna ya kurudi juu. Tulidhani kilichoonekana ndicho kilichopo. Kwa hiyo kwetu dunia ilianza na kagua-tairi na kuishia na zima-pampu. Weka-ombi ilionekana. Tuma-gari ilionekana. Jaza-maji ilikuwa imepanda juu ya paa na hakuna aliyeiona ikienda.

Waliozoea walijua kwa vidole, maana kila kituo kiliandika amri zake chenyewe. Aliyejua kuliko wote alikuwa Sahara, opereta wa Bute, binti mwenye sauti ya kukimbia, aliyeniita adeer, yaani baba mdogo, na kunitania kwamba Garissa tunatumia kidole kimoja kuandika. Tulitumia viwili.

Asubuhi moja ya kiangazi akanipigia simu. Paneli ya jua imeharibika, kompyuta yake imezima, na kuna wafugaji upande wa ndani wa Bute ambao kisima chao kimekauka.

"Adeer, niandikie wewe. Tumia jina langu na neno langu la siri, ombi litoke kituoni kwangu, la sivyo Wajir hawatalipokea."

"Nipe."

"Unajua hatua?"

"Sahara," nikamwambia, "nilikuwa hapa kabla kompyuta haijavuliwa kitambaa."

Nikaandika msaada kuthibitisha tu. Nikaona weka-ombi, nikaweka. Nikaona tuma-gari, nikatuma. Nikanywa chai.

Dereva alikuwa Dekow, mtu mwaminifu asiyeuliza maswali, sifa ambayo tangu siku ile naiona ni kasoro. Baadaye nilimuuliza, hukuhisi gari ni jepesi? Akasema alihisi, na alifurahi sana, mchanga haukumshika hata mara moja. Hakuona karatasi ya kujaza, akaona ujumbe wa kwenda, akakata shauri kwamba ametumwa kuchukua maji huko na kuyaleta Wajir. Alifika. Wazee wakampokea kwa adabu, wakamwambia warran. Akaanza vizuri: amani ipo, mvua hakuna.

"Na maji?"

"Maji ndiyo nimekuja kuchukua."

Wakatazamana. Mama mmoja akasogea na fimbo yake, akaligonga tangi. Likalia kama ngoma. Akasema, "Leo tumeletewa harusi."

Nacheka nikiandika, lakini siku ile hawakucheka. Maji yalifika kesho yake adhuhuri kwa gari la pili. Usiku ule watoto walikunywa maziwa kidogo yaliyokuwepo, na ng'ombe walilala na kiu wakilia. Dekow alilala pale pale, ndani ya lori, na hakuna aliyemletea chai. Kwa desturi yetu mgeni kunyimwa chai ni hukumu.

Mkubwa wetu wakati huo alikuwa Mhandisi Wafula, mtu wa Bungoma, mwenye haki lakini mwenye haraka. Akafungua kumbukumbu za programu: nani ameweka ombi? Sahara, Bute. Nani ametuma gari? Sahara, Bute. Akasimama katikati ya ofisi na kutangaza kwamba mkataba wa opereta wa Bute ukiisha mwisho wa mwezi hautarudiwa, na kwamba kama watu wa vituo hawawezi kusoma orodha, vituo vyote vitafungwa na kila amri iandikwe Garissa.

Nami nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika ile brashi yangu. Nikapiga kibodi brashi kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana.

Siku nne nilinyamaza. Nilijiambia atapoa. Lakini huku kwetu kuna jambo kubwa kuliko mkataba, nalo ni jina la utani. Likikushika limekushika, hata wajukuu wako wataitwa kwa hilo. Siku ya tatu nikasikia madereva nje wakisema "Sahara Tangi Tupu." Siku ya nne opereta wa Lafey, baada ya kukohoa, akaniuliza, "Tangi Tupu bado yuko kazini?" Binti ana watoto wawili na mama mgonjwa, kazi ile ndiyo chungu chao, na sasa jina langu lilikuwa linatembea Bute limevaa nguo zake. Naye hakumtajia Mkubwa jina langu, wala kwa simu hakunilaumu hata neno moja. Aliuliza tu, "Adeer, ulijaza?" Nikamwambia mtandao ulikuwa mbaya.

Siku ya tano nikamwendea Eedo Ardo wakati wa chai. "Lile gari," nikasema. "Ni mimi."

"Najua," akasema. "Sahara siku ile hakuwa na umeme, nami nilikusikia ukiongea naye. Nilikuwa nangoja uone haya."

"Ungeniambia."

"Haya haiambiwi. Maliza chai twende."

Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, nikadhani atanirukia. Hakunirukia. Alisikitika, na hilo ni baya zaidi. Kisha akasema, "Sawa, ni wewe. Lakini bado sielewi, Abdi. Msaada si uko pale? Mtu anayejua kusoma anawezaje kukosa?"

Hapo nilifanya jambo la pekee la ujasiri katika utumishi wangu. Nilivuta kiti. Tulikuwa na nakala ya programu ya mazoezi, ambayo magari yake ni ya uwongo. Nikamwambia, "Mkubwa, kaa. Lafey wanataka maji. Tumia msaada peke yake."

Akakaa, akakunja mikono ya shati. Akaandika msaada. Orodha ikapita. Akasoma kwa makini, mdomo ukicheza. Akaweka ombi. Akatuma gari. Akaegemea kiti na kutukodolea macho kama mtu aliyeshinda kesi.

Eedo Ardo akamwambia taratibu, "Mkubwa, Lafey wanakushukuru kwa gari. Sasa wanauliza maji."

Akaandika msaada tena, orodha ikapita tena. Kisha akasema maneno ambayo nitamheshimu kwayo daima: "Hii kitu imenitia aibu mbele ya watu wangu. Itengenezeni. Siku ya mwisho wa mwezi nakaa hapa tena. Nikipeleka maji bila kuuliza mtu, Bute inabaki na vituo vyote vinabaki. Nikipeleka tupu, tunafunga."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku kidogo.

Nikampigia Mutiso. Akashangaa. "Lakini alfabeti haimpendelei mtu, mzee. Kila mtu anajua A inakuja kabla ya B."

"Ukitafuta jina la mtu, sawa," nikasema. "Lakini chai hupiki kwa alfabeti. Utaanza na hiliki, moto utawasha ukishatia maziwa, na tangawizi utaikumbuka umeshamimina."

"Basi nifanye programu ikatae kutuma gari tupu."

Hilo nalo halikufaa, na mlikumbuke kwa sababu mtalisikia tena: magari mengine hutoka tupu kwa haki, yakajazwe kwenye kisima cha njiani, na mengine yanakwenda gereji. Ukikataza, Dekow hafiki hata kwa fundi. Onyo tuliliweka. Ila mtu anayelindwa na onyo peke yake hajui kazi, anajua kuogopa. Tulitaka ajue kazi.

Mutiso akaniambia nizipange upya mimi, maana yeye hajawahi kuona gari la maji. Nami sikumwambia kwamba Bute sijawahi kuiona. Nikachukua katoni ya majani ya chai, nikaikata vipande arobaini na moja, nikaandika amri moja kila kipande, nikavitandaza kwenye mkeka nyumbani. Kazi ya ofisi niliyofanya barazani kwangu bila viatu ndiyo bora niliyowahi kufanya, na nawashauri.

Mpango wa kwanza nilipanga kwa vinavyofanana. Zote zenye gari hapa, zote zenye maji pale, zote za watu kule. Ulipendeza kama duka jipya. Nilikaa kuutazama nusu saa ndipo nikaona nimetuma gari tupu mara ya pili: tuma-gari ilikaa na kagua-tairi na badili-dereva, na jaza-maji ilikuwa mbali nayo, kule kwa maji. Vitu vilifanana lakini havikusafiri pamoja. Buti na kofia ni nguo, lakini aliyeoga anatafuta taulo.

Mpango wa pili nilizikusanya kama nilivyoziona mimi zinahusiana, na zilizonishinda nikaziweka fungu la mwisho, nikaliita Mengineyo. Nilipomaliza, Mengineyo ilikuwa na amri kumi na saba. Nikampelekea Eedo Ardo vipande kwenye sahani.

Akatazama. "Hii nini?"

"Mengineyo."

"Hiyo si orodha, waryaa," akasema, yaani kijana wewe. "Hiyo ni chini ya kitanda." Akachambua vipande kwa kalamu yake. "Tazama. Futa-ombi umeiweka huku. Zima-pampu umeiweka huku. Ya hatari zote umezificha mahali mtu hatazami. Sahara akipiga simu, anasema nini kwanza?"

"Anasema kuko hivi na hivi."

"Kisha?"

"Kisha anasema nani ana kiu."

"Kisha?"

Nikaliona tena akilini daftari lake la siku ile ya kwanza, safu kwa safu.

Basi tukapanga msaada kwa warran. Kila fungu likawa swali, na kila swali linafuata lililotangulia kama habari zinavyofuatana. Kuko vipi? Hapo zikakaa amri zote za kutazama tu, ambazo haziwezi kumdhuru mtu. Nani ana kiu? Hapo weka-ombi na kubadili na kufuta. Maji yanakwendaje? Hapo, kwa mpangilio wa mikono inavyofanya, si wa herufi: chagua gari, lijaze, litume, lifuatilie. Jaza-maji ikawa katikati ya ndugu zake, huwezi kufika tuma-gari bila kuikanyaga. Yamefika? Hapo kupokea na kupima. Na mwisho, Kumeharibika nini? Pampu, tairi, na za kuzima, kila moja ya hatari ikiwa na neno la kuonya mbele yake. Mbuzi wa Habiba aliila kagua-tairi tukiwa katikati ya kazi barazani kwangu, nikaiandika upya.

Mutiso aliupenda mpango huo kuliko nilivyotarajia. Akaongeza mawili ya kwake. La kwanza: ukiandika msaada peke yake, unapata maswali matano tu, hayazidi skrini, hakuna kinachopanda paa, ukitaka zaidi unaandika msaada na swali lako. La pili: kila amri ndani ya programu ibebe jina la swali lake, na amri mpya isiyo na swali, programu ikatae kuwaka mpaka aliyeiandika aseme inajibu nini. Mengineyo, ambayo Mutiso alikuwa ameshaiandika nilipomsomea mpango wa pili, tukaifuta. Nilimwomba aifute huku nasikia, akaniambia, "Imeenda, mzee," na nikahisi kama mtu aliyefagia chini ya kitanda.

Siku ya mwisho wa mwezi Mkubwa akaja, mikono ya shati tayari imekunjwa. Sahara alikuwa kwenye simu, spika imewashwa, hapumui. Mkubwa wa watu, warran haijui. Kwao Bungoma wana salamu zao. Nilihofu hilo. Akaandika msaada. Maswali matano yakatokea na yakatulia hapohapo. Akasoma kwa sauti, "Kuko vipi." Akasema, "Kuko na joto." Akaendelea. Akaweka ombi la Bute. Akafungua la tatu. Akachagua gari. Kidole chake kikateremka, kikasimama.

"Aa," akasema. "Kumbe huwa linajazwa."

Akaandika jaza-maji. Kwenye simu Sahara akatoa pumzi ambayo naisikia mpaka leo. Mkataba ulirudiwa wiki ile, na vituo vyote vikabaki. Tangu hapo madereva wakaniita mimi Abdi Tangi Tupu, mbele ya macho yangu, nami niliitika. Lilinikaa vizuri. Ninyi wenyewe mliliandika kwenye keki ya kuniaga.

Baadaye Eedo Ardo alistaafu na kuniachia daftari. Kalamu aliondoka nayo. Mtandao ukapata nguvu, ikaja programu yenye picha na vitufe, na mmoja wenu akavipanga vitufe kwa rangi, nikamuuliza mtu wa Bute akiwa na kiu anatafuta rangi gani. Alinuna siku mbili, kisha akavipanga kwa maswali. Ndiyo kazi niliyoifanya. Hakuna mnara wala kisima chenye jina langu. Kuna jaza-maji, iko juu kidogo ya tuma-gari, na hapo ndipo pa kwake.

Mkipewa amri mpya, msiulize inafanana na nini. Ulizeni mtu atakuwa ametoka kufanya nini anapoihitaji, na atafanya nini baada yake. Msome orodha yenu pamoja na mtu asiyeijua, nanyi mfunge midomo. Na brashi ya rangi, inchi moja.

Yamebaki mambo madogo madogo. Kibodi yangu ya mwisho iko kabatini, aitakaye aichukue. Daftari la Eedo Ardo liko kwa karani wa zamu. Dekow alipita hapa mwezi uliopita, sasa anaendesha lori la ngano, akaniambia Sahara bado yuko kazini, ni mkuu wa kituo, na sokoni Bute bado kuna wanaomwita Tangi Tupu, maana habari ya kwamba nilikuwa mimi ilifika Garissa na Wajir lakini huko haikufika vizuri. Ofisi iliwahi kumwandikia barua kwamba hitilafu ilitokea. Mimi mwenyewe sikupata nafasi ya kumweleza vilivyo, na simu si mahali pake. Kiti changu cha ofisini mguu mmoja ni mfupi, wekeni kadibodi.

Nimemsomea Habiba yote hayo jioni ya leo, mpaka kadibodi. Hakusema haye, endelea. Hakunyamaza pia. Aliweka mtungi chini, akajifuta mikono, na maneno yake nayaandika kama alivyoyatoa, sikuongeza wala kupunguza:

"Abdi, unasema hiyo Mengineyo mlifuta, na ya huyo msichana umeitia huko huko, na mguu ya kiti. Hiyo jina ni yako. Basi ya Wajir inatoka asubuhi, na wewe kazi huna: enda Bute ukaichukue."